Wivu wa Waziri wa Usingizi

Kulikuwa na nchi moja, na huenda bado ipo pale pale ilipokuwa, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi kiasi cha kutotaka kuwaacha peke yao hata walipolala. Nchi nyingine zina wizara za maji na barabara. Hii ilikuwa na Wizara ya Usingizi na Utulivu wa Taifa, kwa sababu maji na barabara vilikwisha kujaribiwa vikashindikana, ilhali usingizi hauhitaji mabomba wala lami.

Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Ansbeti Kilungu. Alikuwa mtu wa unene wa heshima, mwenye sauti ya kubembeleza, na hotuba zake bungeni zilikuwa ushahidi tosha kwamba wizara inafanya kazi. Sheria ilimtaka awe mfano. Basi kila siku ilipogonga saa tatu usiku, televisheni ya taifa ilimwonyesha akipanda kitandani na pajama zake za rangi za bendera, akiwapungia wananchi mkono kabla taa haijazimwa.

Kitu ambacho televisheni haikukionyesha ni upande wa pili wa kitanda kile. Jumamosi ulikuwa mtupu.

Jumamosi jioni mkewe, Bi Perpetua, ambaye watu walimwita Mama Tuzo kwa jina la binti yao mkubwa, alivaa gauni lake la zambarau, akajipaka mafuta visiginoni, akaenda Ukumbi wa Tausi kucheza dansi. Hakuanza zamani. Watoto walipooa na kuolewa, nyumba ya waziri ilikuwa imebaki na sauti ya jokofu tu. Magoti ya Mama Tuzo yakaanza kulia kama bawaba, presha ikapanda, akawa anatembea na mkongojo na kumaliza jioni zake akiwatazama mijusi ukutani. Daktari alimpa vidonge. Jirani yake alimpa Jumamosi. Vidonge vilimsaidia kidogo, lakini ni Jumamosi iliyomfanya autupe mkongojo uvunguni.

Ukumbini alipata watu. Akawajua wauza vitumbua, mahakimu, makondakta na wakunga, na wao wakamjua yeye, si kama mke wa fulani bali kama yule mama wa zambarau asiyekaa chini gitaa likianza kulia. Jumapili asubuhi alikaanga chapati huku akiimba kwa chini na kiuno kikiwa na mambo yake. Waziri, aliyekuwa amelala saa zote zilizotakiwa na sheria, alikuja mezani amechoka. Mkewe, aliyelala kiduchu, alikuwa anang'aa kama sufuria jipya.

"Mama Tuzo," alimwuliza Jumapili moja, "huko mnafanya nini hasa?"

"Tunacheza, Baba Tuzo."

"Na baada ya kucheza?"

"Tunacheza tena."

Waziri aliisukuma sahani. "Unacheza na nani?"

"Na watu. Lakini sana sana na Daktari Mlekwa, yule wa meno. Baba Tuzo, yule mtu anajua kumzungusha mwenzake! Hata huisikii sakafu."

Daktari Muhidini Mlekwa alijulikana mji mzima. Alikuwa mgane, mrefu, mwenye nywele zilizopakwa piko na viatu vyeupe visivyojua tope, na alijipenda waziwazi, kila kioo cha dukani alikisalimu. Aliwahi kumng'oa Waziri gego. Sasa Waziri alikumbuka mikono ile ilivyokuwa laini, na mahali pa lile gego pakaanza kumuuma upya.

Wivu wake haukuwa ule wa kuvunja vyombo. Ulikuwa wivu wa kiserikali. Ulianza na kikohozi, ukaundiwa kamati.

*

Kamati ilimtuma Inspekta Chilongola wa Idara ya Usalama wa Ndoto aende Ukumbi wa Tausi kwa siri, achunguze, arudi na taarifa Jumatatu. Alirudi Jumatano, anachechemea, na usoni ana utulivu ambao wizara haikuwa imeutoa.

"Umeona nini?" Waziri alimwuliza.

"Hali ni mbaya, mheshimiwa."

"Sema."

"Watu wana furaha."

Waziri alishika meza. "Furaha ya nini? Nani kaiidhinisha?"

"Haina mwenyewe, mheshimiwa. Mtu anaingia na madeni yake na talaka yake, gitaa linalia, anatoka anacheka. Nimemwona hakimu anacheza mduara na mtu aliyemfunga mwaka juzi. Nimeona mama mmoja hakuja, na kabla bendi haijapumzika watu wawili wamekwenda kwake kumwuliza kulikoni."

"Wewe ulijificha wapi muda wote huo?"

"Katikati ya ukumbi, mheshimiwa. Asiyecheza pale anashukiwa."

Waziri akashusha sauti. "Na yule daktari?"

Inspekta alisita. Alikuwa mtumishi mwaminifu. "Adui anacheza vizuri sana. Sebene likikolea, hujui mabega yanaanzia wapi."

"Anamwambia nini mke wangu?"

"Anamwambia asante, mheshimiwa. Kila wimbo ukiisha."

Hilo lilimchoma Waziri kuliko tusi. Kama yule bwana angesema neno chafu, kifungu cha sheria kingepatikana. Lakini asante! Alijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alimwambia mkewe asante, akakumbuka hotuba tatu alizowashukuru wahisani.

*

Siku ya Baraza la Mawaziri alisimama mbele ya Mtukufu Rais, aliyependa kuitwa Baba wa Asubuhi Zote, akatoa hotuba ambayo magazeti yaliichapa bila kupunguza hata kikohozi.

"Mtukufu Rais, taifa linavuja! Linavuja kupitia nyayo! Nguvu ambazo mwananchi angejengea nchi anazimwaga sakafuni kila Jumamosi, tena anacheka. Wizara imejiuliza kwa uchungu, anacheka nini? Hali ya nchi si anaijua?"

Mawaziri walipiga makofi. Waziri wa Fedha alilia.

"Dansi la usiku linamfanya mtu azoeane na watu asiohusiana nao," aliendelea. "Leo wanafuatana kwa mdundo, kesho watafuatana kwa jambo jingine. Na kuna wanaume, sitawataja, wanaozunguka na wake za watu wakiwa wamevaa viatu vyeupe."

Rais aliuliza swali moja tu. "Hii sheria yako haitagusa matanga?"

"Matanga, Mtukufu?"

"Mimi na wananchi wangu tunakutana misibani. Ndiko ninakopigiwa makofi kwa dhati. Usiku wa msiba usiguswe."

Ndivyo ilivyopita Sheria ya Kutulia. Jua likizama, hakuna mtu kucheza, kukusanyika kwenye muziki, wala kutikisa kiungo chochote kwa nia ya kujifurahisha, isipokuwa kwenye matanga, ambako ilidhaniwa kwamba viungo havina nia hiyo.

Lakini serikali haikuwa katili. Ilitambua kwamba wananchi wamezoea, ikawaletea Usiku wa Mchana. Jumamosi saa nne asubuhi, Ukumbi wa Tausi ulifungwa mapazia meusi, Mkuu wa Wilaya akasimama akatangaza kwamba sasa ni usiku, na wenye miwani ya jua waliruhusiwa kuivaa kwa msisitizo. Bendi ya zamani ilipewa likizo ya lazima. Mahali pake ilikaa tarumbeta ya Magereza, ikapiga wimbo wa taifa kwa mwendo wa kubembea. Kila mtu alipangiwa mwenzake na wizara, na kati ya kila wawili uliwekwa mto wa kulalia, mali ya serikali, usiotakiwa kudondoka.

Waziri alijipangia mkewe. Daktari Mlekwa alipangiwa ofisa wa kodi mwenye masharubu.

Tarumbeta ikalia. Waziri akasimama wima, mto tumboni, mkewe upande wa pili. Hapo ndipo mambo yalipomgeukia, kwa sababu ilikuwepo habari moja ambayo hata Idara ya Usalama wa Ndoto haikuijua. Mheshimiwa Kilungu hakujua kucheza. Hakuwahi. Siku ya harusi yao muziki ulipopigwa, yeye alishika kipaza sauti akaishukuru kamati ya maandalizi mpaka wimbo ukaisha.

"Sogea basi, Baba Tuzo," mkewe alimnong'oneza. "Hata kidogo."

"Ninasimamia zoezi," alijibu.

Mama Tuzo alitazama juu ya bega lake. Kule ng'ambo Daktari Mlekwa naye alikuwa anatazama juu ya bega la ofisa wa kodi. Macho yao yakakutana, na wote wawili wakaangua kicheko. Hawakusema neno. Walicheka tu, kama watu waliopitia mahali pamoja. Waziri aliukumbatia ule mto kwa nguvu mpaka pamba ikachungulia.

Jumamosi ya pili Daktari alikuja, ya tatu hakuja. Hakuna aliyeuliza, maana nafasi yake ilijazwa na wizara.

*

Wizara ilitangaza mafanikio. Kwa mara ya kwanza katika historia, saa tatu usiku taifa zima lilikuwa kitandani. Kwamba lilikuwa kitandani macho kodo si jambo lililokuwa ndani ya malengo ya mwaka.

Mji uliharibika polepole, kama maziwa. Majirani ambao zamani walikutana ukumbini na kumaliza ugomvi wao kwa nyimbo mbili sasa walishtakiana kwa sababu ya majogoo. Dawa za presha ziliadimika. Mke na mume waliokuwa wakipatana kwa kuwa Jumamosi walitoka pamoja waligundua kwamba siku nyingine zote walikuwa wakiisubiri hiyo. Vijana walikaa kwenye ngazi wakitazama simu, wazee wakakaa madirishani wakitazama vijana, na muuza mishikaki wa nje ya ukumbi, mtu aliyekuwa anajua siri za mapenzi ya mji wote, akahamia kuuza majeneza, akasema biashara inakwenda vizuri.

Na nyumbani kwa Waziri? Alichokitaka alikipata. Mkewe alikuwepo kila jioni. Alikaa kwenye kochi, mikono juu ya magoti. Mkongojo ulirudi kutoka uvunguni.

"Unawaza nini, Mama Tuzo?"

"Siwazi kitu."

Waziri hakuamini. Zamani aliuonea wivu ukumbi, na ukumbi alikuwa ameufunga. Sasa alionea wivu kichwa cha mkewe, na kichwa hakina mlango wa kupiga kufuli. Jioni moja aliangusha kijiko makusudi, akainama kukiokota, akaona chini ya meza kidole gumba cha mguu wa mkewe kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kikifuata wimbo ambao yeye hakuusikia. Alibaki chini ya meza pale, Mheshimiwa mzima, anakitazama kidole cha mguu kwa uchungu kama mtu aliyefumania.

*

Halafu redio ikatangaza matangazo ya vifo, na jina la Daktari Muhidini Mlekwa likasomwa.

Waziri alikuwa anakunywa chai. Alijifunika kitambaa mdomoni akakohoa sana, ili mkewe asione mdomo wake unafanya nini. Kisha wema mwingi ukamjaa, kama unavyomjaa mtu aliyeshinda kesi.

"Mungu amlaze pema," alisema. "Nenda, Mama Tuzo. Nenda ukamlilie. Kaa na wafiwa mpaka roho itulie. Mimi sina kinyongo."

Mama Tuzo aliinuka. "Asante, Baba Tuzo," alisema, akaenda kuvaa gauni la zambarau. Waziri akajisemea kwamba huzuni ina vituko vyake.

Yeye mwenyewe alikwenda redioni kutoa salamu za rambirambi. Alimwita marehemu nguzo ya ufizi wa taifa. Alisema pengo aliloliacha halitazibika, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikuwa anasema kitu anachokifurahia.

Mama Tuzo alirudi usiku ule macho mekundu, lakini kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa. Siku ya nne aliusahau mkongojo mlangoni. Siku ya tano alikaanga chapati, akaimba. Mashavu yalimrudi. Alipoulizwa msiba unaendeleaje, alisema unaendelea vizuri sana, watu wanazidi kuwa wengi.

Waziri akaanza tena kukosa usingizi. Mwanzo aliona ajabu, kisha aliona uchungu, na mwisho akaelewa kinachomkera. Mlekwa alipokuwa hai alimchukua mkewe Jumamosi tu. Alipokufa anamchukua kila siku.

"Leo nitakwenda mwenyewe," alimwambia dereva jua lilipokuwa linazama. "Kuwakilisha serikali."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na ukuta mrefu na turubai kubwa uani. Nje walikaa wazee kwenye mabenchi, nyuso ndefu, vifungo vya shati vimefungwa hadi kooni. Mlangoni alisimama Inspekta Chilongola, amejifunga kitambaa cheusi mkononi.

"Pole sana, mheshimiwa," alisema. "Msiba mzito huu. Usiingie, utaumia."

"Nipishe."

"Wanawake wanalia sana ndani."

Ndani kulisikika kitu, ni kweli, lakini kilio kile kilikuwa na ngoma. Waziri alimsogeza Inspekta kwa tumbo lake, akaingia.

Uani walijaa watu. Bendi ya zamani ya Ukumbi wa Tausi ilikuwa imekaa pembeni, wamejaza mablanketi ndani ya ngoma ili mlio usivuke ukuta. Wauza vitumbua, mahakimu, makondakta na wakunga walikuwa wanazunguka taratibu chini ya taa za chemli, jasho linawatoka. Na katikati yao alikuwepo marehemu mwenyewe, mwembamba kuliko zamani, ana fimbo mkono mmoja na viatu vyake vyeupe miguuni, na kwa mkono wa pili anamzungusha Mama Tuzo.

Gitaa lilikatika. Watu waliganda.

"Karibu, mheshimiwa," marehemu alisema, akainama. "Nimezisikia rambirambi zako redioni. Nililia. Sikujua kama unanipenda hivyo."

"Wewe umekufa!" Waziri alipiga kelele.

"Kisheria, ndiyo."

Waziri alikuwa na kipenga shingoni, kilichokuja na cheo. Kipenga kikilia, askari wa doria wangejaa pale kabla hujafumba jicho, na kila aliyekuwepo angelala ndani, kuanzia na mkewe. Alikiweka mdomoni.

Mama Tuzo alimjia mpaka karibu. Hakunyenyekea.

"Piga," alisema. "Lakini nisikilize kwanza. Huyu alianguka bafuni kwake, nyonga ikateguka. Alilala sakafuni siku kadhaa, Baba Tuzo, anakinga kwa kiganja maji ya bomba linalovuja. Zamani kama asingeonekana Jumamosi, wimbo wa pili usingeisha kabla mtu hajagonga mlango wake. Safari hii alikosekana na hakuna aliyejua, kwa sababu sote tulikuwa tumekosekana. Kama si mgonjwa mmoja wa jino kuja kuvunja mlango kwa maumivu, ungekuwa unatoa rambirambi za kweli."

Waziri alimtazama Daktari. Yule bwana wa kujipenda alikuwa amegeuza uso pembeni.

"Nilikuwa naimba ili nisilale," Daktari alisema, bila madaha yake ya siku zote. "Nyimbo zote ninazozijua. Zilipokwisha nikaimba hotuba yako, ile ya taifa linavuja. Niliimba mpaka koo likakauka, na sikuwa na mtu hata wa kunicheka."

"Tulipomtoa hospitali," Mama Tuzo aliendelea, "tukasema, mtu huyu karibu afe kwa sheria. Basi na afe kisheria, atupe matanga. Kule nje hatuwezi kukaa pamoja ila kwa maiti. Tulimwomba, akakubali."

"Nilipenda hasa sehemu ya kusifiwa," Daktari alikiri.

Waziri alikitoa kipenga mdomoni. Alikuwa na swali moja tu, na hakuchagua mahali pa kuliulizia.

"Unampenda huyu?"

"Nampenda anavyocheza," alijibu Mama Tuzo. "Ninayempenda ni wewe. Lakini wewe tangu unioe hujawahi kusimama ukanipa mkono muziki ukilia. Nimekaa nakungojea mpaka magoti yakaota kutu."

"Sijui kucheza," alisema Mheshimiwa Kilungu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa waziri wa nchi ile kusema mbele ya watu kwamba kuna jambo halijui. Watu waliinamisha vichwa kwa heshima, kama wanavyofanya mtu akifumwa anaoga.

"Hapa hakuna anayejua," mkewe alisema. "Anayejua ni huyu peke yake, na ndiyo maana tumemwua."

Akamnyooshea mkono. Waziri alikitazama kiganja kile, kiganja cha miaka yote, akakipokea. Bendi haikusubiri amri.

Alicheza vibaya. Alicheza kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha kwenye majani. Alimkanyaga mkewe, akamkanyaga hakimu, akaomba radhi kwa utaratibu wa bunge. Watu walicheka, na akashangaa kuona kicheko kile hakimuumi. Jasho likamlowesha koti. Kifuani, mahali ambapo wivu ulikuwa umekaa kama tonge lililokwama, pakapita hewa. Wimbo mzima hakumwaza mtu yeyote isipokuwa aliyekuwa mikononi mwake, na wimbo ulipoisha alisema, "Asante, Mama Tuzo," na mama yule akageuka kujifuta uso kwa ukosi wa gauni.

Ndipo Daktari akaja na fimbo yake kuomba wimbo unaofuata. Wivu ulirudi hapo hapo. Ulirudi, ukakaa pale pale ulipokuwa umezoea, ila kiti kilikuwa kimepungua ukubwa. Waziri alimwachia mkewe mkono. Akabaki amesimama peke yake katikati ya ua, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Na mimi nimefiwa," sauti ya kike ilisema kando yake.

Alikuwa mwanamke aliyejifunika mtandio mweusi hadi kwenye nyusi. Alimpa mkono, Waziri akaupokea kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa kupokea mikono. Walipozunguka mtandio ukateleza kidogo, na Waziri akasimama ghafla. Uso ule ulikuwa kwenye stempu, kwenye kanga za sherehe na kwenye ukuta wa kila ofisi. Alikuwa Bi Gaudensia, mke wa Mtukufu Rais.

"Usisimame, watatuona," alisema Mama wa Taifa. "Mzee wangu saa tatu kamili yuko kitandani kwa ajili ya hiyo amri yako. Mimi namtazama mgongo. Unajua Ikulu ina vyumba vingapi vya kuzungumza, na hakuna wa kuzungumza naye? Aah! Umenikanyaga!"

"Nisamehe, mama!"

"Nikanyage tena," alisema, na akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Sijacheka hivi tangu tuchukue nchi."

*

Saa tatu usiku televisheni ya taifa ilirusha kama kawaida, ikaonyesha kitanda kitupu na pajama zimekunjwa juu ya mto. Wananchi walidhani serikali imeanguka, wakatoka barabarani kushangilia, na kwa kuwa walikuwa wengi na wamekwisha kutoka, wakacheza. Askari walipiga vipenga, lakini vipenga vikipigwa na wengi kwa pamoja navyo vina mdundo.

Kesho yake mchana taarifa ya habari ilisomwa kwa sauti ya msiba. Mtukufu Rais ametengua uteuzi wa Mheshimiwa Ansbeti Kilungu, kwa kosa la kucheza na mamlaka. Sheria ya Kutulia nayo imefutwa. Msomaji hakusema kwa nini, lakini mji wote ulikwisha kujua. Rais alikuwa amemwuliza mkewe alikuwa wapi, mkewe amemweleza, na Baba wa Asubuhi Zote amekaa usiku kucha anamwaza waziri mnene anayekanyaga miguu ya watu. Sheria ilifutwa si kwa kuwa ilikuwa mbaya. Rais aliona tu kwamba ukumbi wenye taa ni rahisi kuutupia jicho kuliko msiba wenye chemli. Jumamosi iliyofuata alitarajiwa Tausi, ameshaagiza viatu.

Kilungu alirudi nyumbani kwa miguu, maana gari lilichukuliwa pamoja na bendera. Njiani muuza vitumbua mmoja alimpungia mkono, hakimu mmoja akamwuliza mguu wa kushoto unaendeleaje. Alimkuta mkewe jikoni anakatakata bamia.

"Wamenifukuza," alisema, akakaa kwenye kibao cha mbuzi.

"Nimesikia. Pole, Baba Tuzo. Redio imesema kucheza na mamlaka. Mamlaka gani?"

"Mke wa Rais."

Kisu kilisimama.

"Yule wa mtandio ndiye alikuwa yeye?" alisema Mama Tuzo taratibu. "Nilikuona naye. Nikasema ni mjane wa watu, wacha afarijiwe. Mlicheza wimbo mmoja."

"Mmoja." Kilungu alijikuna kidevu. "Na kipande."

"Kipande gani?"

"Cha mwisho pale, gitaa lilipokuwa linakwenda chini chini."

"Lile la kubembeleza?"

"Lilikuwa la kubembeleza, nadhani. Mimi sijui sana mambo hayo."

Bamia moja ilikatwa kwa nguvu isiyostahili bamia. Mheshimiwa wa zamani aliinua macho akamtazama mkewe usoni, akaona zile nyusi zimekutana, akaona ule mdomo umebanwa, na akakitambua kile kitu, maana hakuna mtu katika nchi ile aliyekijua vizuri kuliko yeye. Alikuwa amepoteza wizara, gari, kipenga na kitanda cha televisheni. Alijaribu kukaa na uso wa mtu aliyefikwa, uso ukakataa kabisa.

"Alikuwa amekushika wapi?" mkewe aliuliza.

"Begani tu, Mama Tuzo."

"Bega lipi?"